Njia, Uwanja na Kibanda cha Mpwa Wangu



Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mnaousoma ukurasa huu baada ya wake zenu kuumaliza, nawaomba radhi kwa kutoonekana wiki mbili zilizopita. Sikuwa mgonjwa, alhamdulillahi. Nilikuwa bara ya mbali, Bungoma na Kitale, nilikokwenda kuhudhuria akika ya mtoto wa mpwa wangu, nikarejea na jambo ambalo sikuwa nimekusudia kuliandika.

Mpwa wangu huyu ni binti wa Mji wa Kale hapa Mombasa, aliyekuzwa kwa wali na samaki. Ameolewa Bungoma huu mwaka wa tisa, na sasa hupika ugali na mrenda kama aliyezaliwa huko. Pale Kanduyi, mahali barabara ya kuingia mjini inapokutana na barabara kuu iendayo Malaba, ana kibanda cha mabati anachouzia chai, mahamri na mbaazi. Nazi hutumiwa kwa basi kutoka huku kwetu. Madereva wa malori ya Uganda wamekwisha kumjua, na wako wasiopita Kanduyi bila kusimama.

Nilifika asubuhi baada ya kulala njiani usiku kucha, mifupa yote ikinilaumu kwa kutotumia akili. Nilipokewa kwa furaha, nikalishwa, nikapewa maji ya kuoga. Lakini mjomba humjua mpwawe. Niliona uso wake una kitu. Baada ya adhuhuri akaniambia, “Mjomba, nataka twende ukaone kibanda.” Tukaenda. Mlangoni palikuwa na alama ya X kubwa ya rangi nyekundu, rangi yenyewe ikiwa imechuruzika hadi chini. Vibanda kumi na kitu vya jirani navyo vilikuwa na alama hiyo hiyo.

“Tuliamka tukaikuta,” akasema. “Hakuna aliyezungumza nasi. Hakuna barua. Nimekuwa nikilipa ushuru kila siku, risiti ninazo boksi zima.”

Wasomaji wangu, alama hiyo mnaijua. Kenya nzima, nyumba au kibanda kikipigwa X nyekundu maana yake ni moja: umejenga ndani ya hifadhi ya barabara, na siku moja tingatinga litakuja. Siku hiyo ni ipi, alama haisemi.

Usiku ule, baada ya isha, wanaume walikaa uani na ghahawa yao, na wanawake wakakaa upande wa pili wa pazia kwa kazi za akika, ila masikio yao yote yalikuwa kwetu. Mazungumzo yakaenda kwenye maendeleo ya mji, kama yanavyokwenda kila mahali siku hizi. Na Bungoma wana mengi ya kuzungumza.

La kwanza ni uwanja. Hapo hapo Kanduyi upo Uwanja wa Masinde Muliro, uliopewa jina la yule mwanasiasa mkubwa wa magharibi aliyefariki mwaka 1992. Kwa miaka mingi serikali ya kaunti imekuwa ikiujenga upya kwa awamu, na mji ulikuwa ukigawanyika kila bajeti ikisomwa, wengine wakitaka uishe, wengine wakiuliza kwa nini uwanja upate mamilioni na zahanati ikose dawa. Kisha ikaja heshima kubwa: sherehe za kitaifa za Madaraka za tarehe 1 Juni 2024 zikafanywa pale. Tangu mwaka 2016, sherehe za Madaraka zilipopelekwa Nakuru, mtindo umekuwa ni kuzizungusha kaunti hadi kaunti. Zimekwenda Meru, Narok, Kisumu na Embu, na baada ya Bungoma zikaenda Homa Bay mwaka 2025. Popote ziendapo, uwanja uliolala miaka huamka ndani ya miezi. Sisi wa Mombasa tusicheke, kwani tuliyaona yale yale bustani ya Mama Ngina ilipokarabatiwa kabla ya Siku ya Mashujaa ya mwaka 2019. Ni kama nyumba inayopakwa chokaa kwa ajili ya arusi. Chokaa ni kizuri, na wenye nyumba hufaidi baada ya wageni kuondoka. Lakini paa linalovuja jikoni, ambako bibi arusi hatapita, huachwa livuje.

Kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliutetea uwanja kwa nguvu. Alisema vijana wa Bungoma wana miguu na vifua vya kushindana na mtu yeyote, ila hawana pa kuchezea. Akatukumbusha kwamba hata Elijah Masinde wa Kimilili, yule aliyewasumbua wakoloni kwa Dini ya Msambwa mpaka wakamhamishia Lamu, kabla ya hayo yote alikuwa mchezaji mpira hodari, akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Hilo la Lamu lilinifanya nitabasamu. Waingereza walikuwa wakidhani kisiwa chetu ni gereza.

Mzee mmoja akamjibu kwamba mpira haujengi tumbo. Kisha wakageukia barabara: ile ya njia mbili-mbili kutoka Musikoma hadi Kanduyi, kilomita sita na nusu, iliyojengwa na kaunti wakati wa Gavana Wangamati na kuzua maneno mengi kuhusu gharama yake. Mwingine akasema afadhali barabara hiyo kuliko ndoto ya kupanua uwanja wa ndege wa Matulo kule Webuye, “kwani mama mwenye mkungu wa ndizi atapanda ndege kwenda Chwele sokoni?” Tukacheka. Na hivyo ndivyo usiku ulivyokwenda, hoja juu ya hoja, mpaka sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Alikuwa mama mkwe wa mpwa wangu, mtu mzima wa Kibukusu aliyesilimu zamani, mwenye maneno machache. Akasema, “Nyinyi mmebishana kuhusu uwanja na ndege tangu isha. Mkaza mwanangu kibanda chake kina X. Je, sheikh, dini inasemaje?”

Kimya kikashuka. Nami, niwakiri ukweli, jibu langu la kwanza lilikuwa la woga. Nilisema kwamba haya ni mambo ya serikali, kwamba tuombe dua, kwamba mume wake ataangalia la kufanya. Mpwa wangu hakusema kitu. Lakini nilimsikia akiweka sinia chini kwa namna ambayo marehemu dada yangu alikuwa akiiweka alipokuwa hajaridhika.

Sikulala vizuri. Asubuhi, baada ya alfajiri, nilimwita yeye na mumewe, nikajibu swali upya. Ndilo jibu ninalotaka kuwaandikia leo, kwa sababu najua wasomaji wangu wengi wana kibanda, au meza ya viazi karai, au ndugu mwenye navyo, na rangi nyekundu haichagui Bungoma wala Likoni.

Nilianza na lile ambalo halikumfurahisha. Njia ina haki. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba watu wakikhitalifiana juu ya upana wa njia, Mtume, rehma na amani zimshukie, aliamua iwe dhiraa saba. Dhiraa ni urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa hiyo dhiraa saba ni mita tatu na ushei. Wanazuoni wameeleza kwamba kipimo hicho kilitazama haja ya wakati ule: wanyama wenye mizigo wapate kupishana bila kuumizana. Leo anayepita Kanduyi si ngamia. Ni lori la kontena lenye magurudumu mengi, na matatu inayolikimbilia, na bodaboda inayopenya katikati yao ikiwa imebeba mama na watoto wawili. Haja imekua, na upana nao hukua. Kwa hiyo nikamwambia, “Mwanangu, kibanda chako kiko njiani. Mimi nimesimama pale, nimepima kwa hatua zangu. Mtoto wa shule akitaka kupita mbele yako hushuka kwenye lami. Hilo ni dhara, na kuondoa dhara njiani ni sehemu ya imani. Risiti za ushuru hazikupi ardhi. Zinakupa ushahidi kwamba ulilipa.”

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, “Na aliyekuwa akichukua pesa zangu kila siku, yeye hakujua kwamba ni njia?”

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Alijua. Ofisi inayopokea ushuru kwa mtu miaka saba, kisha ikampaka X bila neno, imekula pande mbili. Sitaitaja ofisi hiyo, maana sijawasikiliza wao, na mwenye kuhukumu kwa kumsikia mmoja amedhulumu. Lakini msimamo wangu ni huu: yeye ana wajibu wa kuhama, na wao wana wajibu wa kumpa taarifa, muda, na mahali. Wajibu wa mmoja hauufuti wa mwingine. Nao wajibu wao si wa ihsani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa uadilifu na kwa kufuata sheria, na anayeathiriwa vibaya na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Rangi mlangoni si maandishi ya namna hiyo.

Mume wake, kijana mwema, mwendesha matatu ya Kitale, akasema, “Mjomba, basi nitakwenda mimi ofisini. Si vizuri yeye kusimama mbele ya wanaume.” Nilimpenda kwa ghera yake. Lakini nikamuuliza, “Wewe unajua kibanda kinaingiza kiasi gani kwa siku? Unajua saa za wateja? Unajua wenzake ni akina nani?” Akasema hapana. Nikamkumbusha kwamba ndani ya Qurani imo sura nzima, Al-Mujadila, iliyopewa jina kutokana na mwanamke aliyekwenda kwa Mtume kujadiliana kuhusu haki yake, na Mwenyezi Mungu akasikia maneno yake na akateremsha hukumu. Na wanahistoria wamepokea kwamba Sayyidna Umar alimpa Shifaa binti Abdillahi usimamizi wa baadhi ya mambo ya soko la Madina. Mwanamke kuzungumzia soko analouza si jambo geni katika dini hii. Aende kwa stara, aende na wenzake, na mumewe amsindikize akitaka. Lakini mwenye maneno ni yeye.

Kijana akainamisha kichwa, kisha akasema, “Basi nitampeleka kwa gari langu.” Nikajua amekubali.

Aende wapi, sasa? Wengi wetu hubisha mlango usio wake, kisha tukarudi tukisema serikali haisikii. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu za taifa: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini, na KeRRA ya zile za mashambani. Katiba nayo, katika Jedwali la Nne, ikazipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho na usafiri wa umma wa ndani, pamoja na masoko na viwanja vya michezo. Barabara iendayo Malaba ni ya KeNHA. Ukimlilia mwakilishi wa wadi kuhusu barabara ile, atakuhurumia, lakini hana ufunguo. Ila mahali pa kuhamia, yaani soko, ni la kaunti. Kwa hiyo mpwa wangu ana milango miwili, na barua mbili. Ya kwanza kwa wenye barabara: mpaka wa hifadhi uko wapi, na tarehe ya kuondoka ni lini. Ya pili kwa kaunti: mmetupangia wapi. Na iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma kujibu ombi la habari ndani ya siku 21. Nilimwandikia rasimu kwa mkono wangu, kwa Kiswahili, maana ni lugha rasmi ya nchi hii na hakuna haja ya kuazima kalamu ya mtu.

Kisha kuna suala la wakati, na hapa naomba kina mama mchukue kalamu. Bajeti ya kaunti si chungu kinachopikwa siku moja. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufuata kabla ya mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti hufika kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Watu wengi huamka Juni, mambo yakiwa yamekwisha iva. Anayetaka soko lenye paa na choo karibu na steji aseme mwezi wa Agosti, wakati viungo vinachaguliwa. Vikao vya kukusanya maoni ya umma hutangazwa magazetini na redioni, na mara nyingi hujaa wanaume waliokuwa tayari wamekaa pale nje bila kazi. Mama aliye kibandani haendi kwa sababu akifunga amepoteza kutwa nzima. Nilimshauri mpwa wangu na wenzake wachangishane, wamtume mmoja kwa zamu, na wengine wamuuzie. Wakaona ni wazo la kawaida kabisa, kwani ndivyo wanavyofanya mmoja wao akizaa.

Siku ya tatu nilikwenda Kitale na mkwe wangu katika matatu yake, nikaketi mbele kama mtu wa maana. Tulipita Webuye, ambako mabomba ya kile kiwanda cha karatasi bado yanaonekana, kisha Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Mashamba ya mahindi pande zote, subhanallah, kijani mpaka macho yanachoka. Kitale ni mji uliozaliwa na walowezi na reli. Tawi la reli liliufikia mwaka 1926 ili kubeba mahindi yao, na mji ukajengwa ukiitazama stesheni. Leo abiria hawaijui treni pale kwa miaka mingi. Mji umegeuka, unaitazama steji.

Na steji yenyewe ni shida. Kitale ni njia panda: magari ya Kapenguria na Lodwar huku, ya Eldoret kule, ya Bungoma na Kakamega upande mwingine, na sasa barabara ya Endebess hadi Suam mpakani mwa Uganda, takriban kilomita 45, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, nayo imeleta watu zaidi. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabu Trans Nzoia kuwa na watu 990,341, na ukisimama katikati ya Kitale siku ya soko utadhani wote wamekuja pamoja. Mvua ilikuwa imenyesha. Niliona mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na gunia la kabeji, amevua viatu, anavuka tope akiwa ameshika pindo la buibui kwa meno. Mita chache kutoka pale, wanaume walikuwa wakibishana kuhusu uwanja.

Uwanja wao ni ule wa Kenyatta. Ujenzi wake ulianza enzi za gavana wa kwanza, Patrick Khaemba, na haukumalizika enzi zake. Gavana Natembeya aliyemfuata mwaka 2022 akaurithi pamoja na maneno yake. Sitaingia katika nani alikosea, kwa sababu hesabu zake sina. Sisi Mombasa tuna uwanja wetu wa manispaa uliobomolewa ili ujengwe upya, na vijana wetu wamekua, wakaoa, wakapata watoto, bado wanausubiri. Ila nilijifunza kitu kutoka kwa dereva mmoja wa bodaboda, kijana wa miaka ishirini hivi, aliyenibeba polepole kwa heshima ya kanzu yangu. Aliniambia kwamba alikuwa beki mzuri. Uwanja ulipozungushiwa mabati, timu yao ikakosa pa kufanyia mazoezi, ikavunjika. “Sasa nina pikipiki,” akasema. Hakusema kwa malalamiko.

Hilo lilinirudisha kwenye hadithi moja niliyoisoma nikiwa kijana madrasa na sikuielewa hadi siku ile. Imepokewa kwamba Mtume aliandaa mashindano ya farasi. Farasi waliofunzwa wakapewa masafa marefu, kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa. Wale wasiofunzwa wakapewa masafa mafupi, kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Kila kundi lilipata uwanja wa kadiri yake. Sisi siku hizi tunajenga masafa marefu tu: uwanja mmoja mkubwa wa kaunti wenye jukwaa la wageni, tena tunaufunga miaka kwa ajili ya ujenzi. Farasi wadogo hawana pa kukimbia. Viwanja vya wadi vimeuzwa, vimejengwa, au vimegeuzwa maegesho ya malori. Na wasichana? Uwanja mkubwa wa mjini, wenye vijana wanaokaa mlangoni kutwa, mzazi gani atamruhusu binti wa miaka kumi na miwili aende peke yake jioni? Kiwanja kidogo ndani ya mtaa, chenye ukuta na saa zao maalumu, wangekitumia. Sayyidatna Aisha, Mungu amridhie, alishindana mbio na Mtume mwenyewe, akashinda mara moja na kushindwa mara nyingine. Mabinti zetu nao wana miguu.

Simwambii mtu aupinge uwanja mkubwa. Yule mwalimu wa Bungoma alikuwa na hoja ya kweli, na yule mzee aliyesema mpira haujengi tumbo alikosea, kwa sababu wako vijana ambao mpira uliwaokoa na mengi. Ninalosema ni kwamba kiwanja cha wadi, choo cha steji, taa ya njia ya kuelekea msikitini na mtaro wa maji si vitu vya kusubiri zamu baada ya jukwaa la wageni. Gharama yake ni ndogo, na kwa sababu ni ndogo hakuna anayekata utepe mbele yake, basi husahauliwa. Ukiona kikao cha maoni, usiulize, “Uwanja au hospitali?” Swali hilo wamekwisha kulizoea na wanalo jibu. Uliza, “Choo cha wanawake katika steji kimo katika ukurasa wa ngapi wa mpango?” Mpwa wangu aliuliza hivyo, kama nitakavyowaeleza.

Niliporudi Bungoma, wanawake wa vibanda kumi na viwili walikuwa wamekutana nyumbani kwa mama mkwe. Saba ni wa makanisa mbalimbali, watano Waislamu. Walikuwa wameketi mkekani na ramani waliyoichora wenyewe kwenye karatasi ya kufungia sukari: barabara, mtaro, shule, kila kibanda na jina la mwenyewe, na nyuma ya steji kipande cha ardhi ya umma kinachotumiwa kutupia taka. Walitaka kuomba wahamishiwe pale, taka ziondolewe, na kiwekwe kivuko cha watoto. Mama mkwe alikuwa amepewa kazi ya kuhesabu watoto wanaovuka asubuhi. Alihesabu kwa punje za mahindi mfukoni, kila mtoto punje. Alipozimwaga mezani hatukuzihesabu tena. Zilijaa kikombe cha chai.

Niliwasomea rasimu yangu ya barua. Wakaisikiliza kwa adabu, kisha wakaibadilisha karibu yote. Walitoa maneno yangu ya Kiarabu, wakaingiza bei ya unga.

Nimeandika makala hii nikiwa nimerudi Mombasa. Juzi mpwa wangu alinipigia simu. Barua zote mbili zimepokewa na kupigwa muhuri wa tarehe, nakala anazo. Katika kikao cha wadi alisimama, akauliza ukurasa wa choo, na afisa akafungua kabrasha akatafuta muda mrefu, watu wakingoja kimya. Hakukiona. Akaandika. Tingatinga halijaja, wala sijamwambia kwamba halitakuja. Siku zile ishirini na moja zinahesabiwa, na yeye anaendelea kuuza chai mbele ya ule mlango wenye rangi nyekundu. Ameniomba nimtumie nazi arubaini kwa basi la Alhamisi.